Karo ya Shule ya Binafsi Inanunua Nini Hasa?

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi Zuhura, niko Houston, na mwenzangu Baraka yuko Dallas kama kawaida. Kaka, habari za huko?

BARAKA: Njema dada. Joto tu.

ZUHURA: Letu lina unyevu juu yake, kwa hiyo usinilalamikie. Leo tuna ujumbe wa mama mmoja anayeishi Katy, hapa nje ya Houston, binti yake yuko darasa la nane. Nasoma: "Walimu wanasema mtoto ana kichwa. Mume wangu anataka akianza la tisa tumpeleke shule ya binafsi ili aje apate chuo kikubwa. Ada ni dola 32,000 kwa mwaka. Mimi nasita. Ni kweli vyuo vinawapendelea hao watoto, au ni maneno ya watu?"

BARAKA: Hilo swali liko kwenye kila harusi na kila harambee. Ukikaa meza moja na Wakenya wa hapa Dallas, chai haijapoa mtu ameshakwambia mtoto wa fulani aliingia Chuo Kikuu cha Rice kwa sababu alisomea shule ya mapadre Wajesuiti.

ZUHURA: Na sasa limepamba moto zaidi. Gavana wetu wa Texas, Abbott, alitia saini ile sheria Mei 2025, kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 2026–27 familia inaweza kupata kama dola 10,000 za serikali kumlipia mtoto shule ya binafsi. Watu wamesikia hela, wengine hata hawajauliza masharti.

BARAKA: Basi tuwape masharti. Fungu ni dola bilioni moja kwa jimbo zima, kwa hivyo si kila anayeomba atapata. Mtoto lazima awe raia au awe na ukaaji halali. Na kwa karo ya 32,000, ukitoa hiyo 10,000 bado unadaiwa 22,000. Kila mwaka.

ZUHURA: Mara nne, maana sekondari hapa ni miaka minne. Haya, nikuulize wewe kwanza. Inasaidia?

BARAKA: Inasaidia. Wewe angalia tu majina ya hizo shule za bweni za kule kaskazini-mashariki, Andover, Exeter. Zipo tangu kabla ya karne ya 19, na miaka yote zinamwaga watoto Harvard na Yale. Utaniambia ni bahati?

ZUHURA: Sisemi bahati. Nasema hao watoto walishakuwa na nini kabla hawajafika hapo? Kuna utafiti ulitoka 2023, wa wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman. Hawa walishika kumbukumbu za kodi za wazazi, alama za SAT na ACT, ile mitihani ya kuombea chuo, na mafaili ya udahili ya baadhi ya vyuo. Wakaangalia vyuo 12: vinane vya Ivy League, lile kundi la kina Harvard na Yale, halafu Stanford, MIT, Duke na Chicago. Wakakuta mtoto wa familia iliyo kwenye asilimia 1 ya juu kwa kipato ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma huko kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati. Na wote wawili wana alama zilezile za mtihani.

BARAKA: Zilezile?

ZUHURA: Zilezile. Wakachimba sababu. Ya kwanza, mzazi alisoma chuo hichohicho. Hiyo kwetu haipo, labda kwa wajukuu. Ya pili, wanamichezo wanaosajiliwa.

BARAKA: Hapo tupo! Sisi tunakimbia.

ZUHURA: Kukimbia kupo, lakini orodha ni ndefu: makasia, vitara, skwoshi, lakrosi. Shule yenye timu ya makasia unaijua ada yake. Sasa sababu ya tatu ndiyo inayomhusu huyu mama. Vyuo hivi vinampa mwombaji alama pia kwa mambo yasiyo ya darasani: uongozi, vilabu, haiba, na yale walimu na mshauri wa shule wanayoandika juu yake. Watoto wa matajiri wanazoa alama za juu kwenye kipengele hicho, na watafiti wakaona jambo hilo linaendana sana na kusoma shule za binafsi.

BARAKA: Kwa hivyo nilikuwa sahihi.

ZUHURA: Nusu. Kwa sababu swali langu ni, hiyo hela imenunua nini? Haikununua hisabati, maana hisabati imeshalinganishwa kwenye alama. Imenunua barua.

BARAKA: Barua ya mapendekezo.

ZUHURA: Barua, na mtu mwenye muda wa kuiandika. Chama cha washauri wa shule Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Kwa wastani wa nchi nzima, mshauri mmoja amekuwa akibeba zaidi ya hapo. Na huyo wa shule ya umma ndiye anayepanga ratiba, ndiye anayesimamia mitihani, ndiye anayeitwa mtoto akilia chooni. Atamwandikia binti yako nini? "Ni mwanafunzi mzuri, ana bidii." Wakati shule ya ada kubwa ina mtu ambaye kazi yake ni vyuo tu, na pengine aliwahi kukaa ofisi ya udahili upande wa pili wa meza. Anajua msomaji wa faili anataka nini.

BARAKA: Basi hiyo ni faida. Mbona unaisema kama ni aibu?

ZUHURA: Ni faida ghali, nasema hivyo. Halafu haohao watafiti waliwafuatilia watoto baada ya chuo. Alama za mtihani zilikuwa na uhusiano na mafanikio ya baadaye. Zile za nje ya darasa hazikuwa nao.

BARAKA: Lakini mama hajauliza mafanikio ya baadaye dada, ameuliza mlango. Na mlangoni barua inafanya kazi.

ZUHURA: Mlango upi? Hapo ndipo nataka twende. Utafiti huohuo ulitazama na vyuo vikuu vikubwa vya majimbo, kama hiki chetu cha Texas pale Austin, UT Austin. Huko ule upendeleo wa matajiri hauonekani. Ukilinganisha watoto wenye alama sawa, tajiri na wa kati wanakwenda kwa viwango vinavyokaribiana.

BARAKA: Na sisi tuko Texas.

ZUHURA: Na sisi tuko Texas! Huyu mama anaishi Katy, hakai Boston. Eleza ile sheria, wewe ndiye unayeipenda.

BARAKA: Naipenda kwa sababu mwanangu mkubwa ilimpitisha. Sikilizeni basi. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliamua kesi ya Hopwood, ikakataza vyuo vya hapa kuangalia rangi ya mtu kwenye udahili. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria: ukimaliza ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lako, chuo kikuu chochote cha serikali ya Texas lazima kikuchukue. Uwe umesoma mpakani kwenye shule masikini au kitongoji cha matajiri, ni namba yako darasani, ile nafasi uliyoshika. UT Austin kikafurika. Mwaka 2009 bunge likakiruhusu kiweke kikomo, hiyo njia ijaze robo tatu ya nafasi za watoto wa Texas, basi. Ndiyo maana kwa Austin asilimia imekuwa ikishuka: ilikuwa 6, na kwa wanaoingia 2026 ni 5. Texas A&M bado ni 10.

ZUHURA: Sasa waambie kuhusu shule za binafsi.

BARAKA: Sheria haiwafungii nje. Tatizo ni kwamba shule nyingi za binafsi za hapa hazitoi namba. Wanaona ni ushindani mbaya, wana sababu zao. Lakini mtoto bila namba hana tiketi ya moja kwa moja. Faili lake linasomwa pamoja na wengine wanaogombea ile robo iliyobaki.

ZUHURA: Na shule ikitoa namba?

BARAKA: Hapo ni hesabu. Darasa la watoto 80, asilimia 5 ni wanne. Wanne tu, na wote 80 walichujwa kwa mtihani kabla hawajaingia.

ZUHURA: Umeona? Yaani unalipa 32,000 ili umpunguzie mtoto nafasi ya kuingia Austin. Kuna wanasosholojia waliliandika hili 2005, Espenshade na wenzake, wakitumia takwimu za vyuo vitatu vya juu, tena vya wale wachaguzi hasa. Waliuita mfano wa kidimbwi cha vyura. Chura aliye mkubwa kwenye kidimbwi kidogo anaonekana. Mpeleke ziwani, ni chura kama wengine. Athari waliyoikuta si kubwa, lakini ipo.

BARAKA: Na wazazi wa Texas waliigundua bila profesa. Kuna wachumi walichunguza jinsi familia zilivyobadilika baada ya ile sheria, wakakuta wengine waliacha kwa makusudi shule zenye ushindani mkali wakabaki na ya mtaani, ili mtoto ashike namba.

ZUHURA: Wazazi ni wazazi.

BARAKA: Kwetu Kenya pia tuliona kitu kama hicho. Unakumbuka 2011, Waziri Sam Ongeri alipoamua nafasi za shule za kitaifa zigawanywe kwa uwiano wa watahiniwa wa shule za umma na wa akademia, yaani shule za msingi za binafsi? Watoto wa akademia wenye alama za juu sana wakajikuta nje. Mzazi alilipa karo miaka minane, mwishowe karo ndiyo iliyomfungia mtoto mlango. Kelele zake zilikuwa si kidogo.

ZUHURA: Haya, nisije nikaonekana nauza shule za umma. Katy kuna shule za umma ambazo kushika asilimia 5 ni vita. Madarasa makubwa, watoto wa wahandisi na madaktari, kila mmoja ana masomo ya AP, yale ya kiwango cha chuo, kama kumi. Kwa hiyo asidhani akibaki pale tiketi iko mfukoni.

BARAKA: Na hata ukipata Austin, umepata chuo, hujapata fani. Uhandisi, biashara, kompyuta, hizo unagombea upya.

ZUHURA: Muhimu sana hilo. Wazazi wengi wanalijua barua ya chuo imeshafika.

BARAKA: Lakini dada, naomba nirudi kwenye barua, maana umeniacha na swali. Umesema karo inanunua mwongozo. Sasa mtoto wa mhamiaji, mama anafanya zamu za usiku hospitalini, baba anaendesha lori, nani atamwongoza? Sisi wenyewe hatukupitia mfumo huu. Mimi nilijaza fomu moja Nakuru nikasubiri serikali inipangie. Pengine kwetu ndiyo tunahitaji hiyo shule kuliko tajiri.

ZUHURA: Mwongozo tunauhitaji, hapo nakubali kabisa. Ila haupatikani kwa 32,000 tu. Chukua mfano wa kwenu Kenya, ule mradi wa KenSAP.

BARAKA: Wale wa Iten!

ZUHURA: Waeleze watu.

BARAKA: Ulianza 2004, Mike Boit akiwa mmoja wa waanzilishi. Yule wa shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich 1972. Mwanzoni wazo lilikuwa wakimbiaji, halafu wakagundua vipaji vya darasani ni vingi kuliko vya uwanjani. Wanachukua watoto waliofaulu sana kidato cha nne, wengi wao wa shule za umma, wengine wametoka nyumba za udongo kabisa, wanawakusanya Iten. Wanawafundisha mtihani wa SAT, insha, mahojiano, jinsi ya kujaza fomu za msaada wa fedha. Wengi wameingia Harvard, Yale, Princeton na vyuo vya aina hiyo, wakalipiwa.

ZUHURA: Sasa niambie, hao watoto hesabu walikuwa hawaijui?

BARAKA: Walikuwa wanaijua kuliko Wamarekani.

ZUHURA: Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kukaa nao. Akapatikana, mlango ukafunguka. Hapa Marekani nako kuna QuestBridge kwa familia za kipato cha chini, inawaunganisha watoto na vyuo vinavyolipa kila kitu. Kuna maktaba za umma zenye masomo ya SAT ya bure. Kuna watoto wetu wenyewe waliotangulia. Mtoto wa jirani yako kanisani anayesoma Rice, mlipe pizza akae na binti yako Jumamosi mbili wapitie insha.

BARAKA: Pizza dhidi ya 32,000.

ZUHURA: Pizza mbili, tusiwe wachoyo. Na hesabu yenyewe ni hii. Ada ya UT Austin kwa mkazi wa Texas ni kama dola 12,000 kwa mwaka. Miaka minne, 48,000. Sekondari ya 32,000 kwa miaka minne ni 128,000. Yaani hela ya kumwandaa aende chuo ingelipa ada ya chuo chenyewe mara mbili na chenji ikabaki.

BARAKA: Na ofisi za msaada wa fedha za vyuo, nyingi zinatazama kipato chako na ulichonacho benki. Hazikurudishii ulichokwisha lipa sekondari.

ZUHURA: Lakini Baraka, watu wanajua wako mdogo yuko shule ya Kikatoliki. Usijifiche.

BARAKA: Sijifichi. Yule ni mpole kupita kiasi. Kwenye shule ya watoto 3,000 alikuwa anapotea, alikuwa harudi na hadithi yoyote nyumbani. Hapa wanamjua kwa jina. Halafu misa. Na karo ni nafuu zaidi ya hiyo ya huyu mama, nusu hata haifiki. Nilimwambia mke wangu siku ya kwanza, hii siyo ya Harvard. Akiingia Harvard ni nyongeza.

ZUHURA: Hiyo naielewa. Kumlipia mtoto awe salama, asome dini, asipotee, hilo ni jambo la nyumba na halina utafiti. Ugomvi wangu ni na baba anayelipa akidhani ameweka nafasi chuoni.

BARAKA: Mimi bado nasema kama mtoto analenga wale 12, na shule ina mshauri wa kweli, karo inamsogeza. Kidogo, lakini inamsogeza.

ZUHURA: Na mimi nasema wale 12 wanawakataa wengi mno, hata wa hizo shule, kwamba hakuna karo inayonunua uhakika. Mama wa Katy, ukienda kutembelea hiyo shule, waache wakuonyeshe bwawa la kuogelea, halafu uliza. Mnatoa namba ya darasa kwa UT? Mshauri mmoja ana watoto wangapi wa mwaka wa mwisho? Na ile orodha ya vyuo mliyobandika ukutani, wangapi waliingia kwa michezo au kwa sababu baba alisoma pale? La mwisho watakujibu kwa tabasamu. Uliza tu. Kisha nenda na kwenye ya umma, uliza wana masomo ya AP mangapi, na asilimia 5 ya mwaka jana walikuwa na wastani gani.

BARAKA: Na msaada wa karo. Shule nyingi za binafsi zina fungu la punguzo, na watu wetu hawaombi kwa kuona aibu. Je, wakimpa punguzo la nusu?

ZUHURA: Wakimpa nusu, atuandikie tena, tutafungua hesabu upya. Kwa 32,000 kamili, mume wake ampigie Baraka.

BARAKA: Asinipigie kabla ya saa mbili usiku, niko kazini.