Illmatic na Ready to Die: Albamu Mbili za New York za Mwaka 1994

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Leo nazungumzia albamu mbili zilizotoka jiji moja, mwaka mmoja: Illmatic ya Nas, iliyotoka Aprili 19, 1994, na Ready to Die ya The Notorious B.I.G., aitwaye pia Biggie, iliyofuata Septemba 13. Wapenzi wengi wa hip hop wamezoea kuzitenga kwa kusema kwamba ya kwanza ni sanaa tupu na ya pili ni sanaa iliyochanganywa na biashara. Mimi naupinga mgawanyo huo, kwa sababu unatuzuia kusikia kile ambacho Biggie alikifanya.

Nas alikulia Queensbridge, katika majengo ya nyumba za umma huko Queens, na Biggie alikulia Brooklyn, upande wa Bedford-Stuyvesant. Wote wawili walikuwa wametimiza miaka 20 si zamani, wote walikuwa wameishuhudia biashara ya kreki, aina ya kokeini ya kuvuta, ikiiharibu mitaa yao katika miaka ya 1980, na wote walirekodi wakati marapa Dr. Dre na Snoop Dogg wa California walikuwa miongoni mwa waliosikilizwa zaidi katika hip hop ya Marekani.

Illmatic ni fupi, takribani dakika 40, nayo iliundwa na watayarishaji kadhaa: DJ Premier, Large Professor, Pete Rock, Q-Tip na L.E.S. Albamu yenye mikono mingi kiasi hicho ingeweza kusambaratika, lakini haikusambaratika, kwa kuwa kinachoiunganisha ni jicho la msimulizi. Katika N.Y. State of Mind, Nas anasikika akisema kwamba hajui aanzie wapi, kisha anafululiza mistari ambayo vina vyake havingoji mwisho wa sentensi, bali vinajibizana katikati yake. Wimbo wa One Love, ambao nauona kuwa kilele cha albamu nzima, umejengwa kama barua kwa marafiki walio gerezani: anawapa habari za mtaani, nani amezaa, nani amewasahau, na mwishoni anasimulia mazungumzo yake na mtoto wa miaka 12 ambaye tayari anauza dawa za kulevya. Nas hamhukumu mtoto huyo, wala hampambi; anakaa naye, anampa ushauri, kisha anaondoka. Mtazamo huo wa shahidi aliye karibu lakini asiyeingilia ndio nguvu ya Illmatic, na pia ndio mpaka wake, kwa sababu ndani ya albamu hiyo muda haupiti: tunaoneshwa mtaa, lakini hatuoni mtu akibadilika.

Ready to Die, kinyume chake, ni maisha ya mtu tangu mwanzo hadi mwisho. Utangulizi wake unatupitisha kwenye kuzaliwa kwake, ugomvi wa wazazi, uporaji ndani ya treni na siku ya kutoka gerezani, na kila hatua ina muziki wa zama zake, kuanzia mwimbaji wa soul Curtis Mayfield hadi Snoop. Wimbo wa mwisho, Suicidal Thoughts, ni simu ya usiku inayoishia kwa msimulizi kujiua.

Wanaoiita albamu hii ya biashara huonesha kidole Juicy na Big Poppa, nyimbo laini zilizojengwa juu ya midundo ya bendi iitwayo Mtume na ya kundi la Isley Brothers, tena kwa msukumo wa Sean Combs, msimamizi wa albamu hiyo, aliyetaka redio izipokee. Ni kweli alitaka hivyo. Hata hivyo, ziondoe nyimbo hizo na hadithi itapoteza maana, kwa sababu anayejiua mwishoni ni yule yule aliyekuwa akisherehekea katika Juicy kwamba mama yake hana tena wasiwasi wa fedha. Furaha ile ndiyo inayofanya kifo kile kiwe kizito. Sikilizeni pia sauti yenyewe: kurekodi kulikatizwa Combs alipofukuzwa kazi katika kampuni ya muziki ya Uptown Records, na nyimbo zilizorekodiwa mwanzo zina sauti ya juu, yenye njaa na hasira, ilhali zile za baadaye zina utulivu wa mtu aliyekwisha kujiamini. Ajali hiyo ya kazi iliipa albamu umri wa aina mbili katika koo moja.

Tukilinganisha mstari kwa mstari, nampa Nas ushindi bila kusita. Tukilinganisha usimulizi wa albamu nzima, nampa Biggie. DJ Premier alifanya kazi katika zote mbili, jambo linaloonesha jinsi kambi hizi zilivyokuwa karibu kuliko mashabiki wanavyodai. Na Nas mwenyewe, alipotoa It Was Written mwaka 1996, alichukua watayarishaji waliojua kuandaa nyimbo za redio, akajitwalia jina la bosi wa magendo, akasimulia kama mhusika badala ya shahidi: njia ambayo Biggie alikuwa ameifungua miaka miwili kabla.