Serikali ya Wanafunzi Isiyoweza Kusema Hapana

Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: serikali ya wanafunzi tumeigeuza kuwa msaidizi wa mwalimu wa zamu. Kazi ya kiranja ni kuandika majina ya wapiga kelele na wachelewaji. Aliyeandikwa anakabidhiwa fagio au jembe. Halafu tunataka mtoto huyohuyo apende kujitolea mtaani! Atapendaje kazi aliyoizoea kama adhabu?

Kuna shule moja ndogo ya kata hapa kando ya ziwa. Uongozi wa kijiji uliomba wanafunzi wakaondoe magugu maji mwaloni, pale akina mama wanapochota maji. Mwalimu akakubali papo hapo. Kwenye baraza la wanafunzi, waziri wao wa afya, binti wa kidato cha pili, akasimama: "Mwalimu, tutaingia peku?" Akawakumbusha somo la darasani: konokono wa kichocho hukaa kwenye magugu hayohayo, na kimelea hakisubiri kidonda, hupenya ngozi nzima ukiwa majini. Baraza likakataa. Wazee wakanung'unika kwamba watoto hawana adabu. Lakini wiki iliyofuata wavuvi walikuja na mitumbwi na mabuti marefu, wakawa wanasukuma magugu ufukweni, na wanafunzi wakiwa nchi kavu wakayavuta kwa reki na kuyarundika mbali na maji. Kisha wakadai choo cha mwaloni kilichokuwa na kufuli kifunguliwe, maana kichocho cha tumbo hurudi ziwani kwa kinyesi. Hiyo ndiyo serikali!

Namwona mwenzangu pale anatikisa kichwa: na mitihani je? Mwalimu, kichocho kimo kwenye baiolojia. Yule binti hatakisahau.

Na msiniambie ni mambo ya kigeni. Mwalimu Nyerere, alipoeleza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule na matumizi ya mapato yake. Sisi jembe tumewaachia, uamuzi tumeufungia ofisini.

Naonyeshwa saa. Kura iwe ya siri, na kaka mkuu na dada mkuu wasipangwe na walimu, hilo mnalijua. La fedha za baraza tutaliongea kwenye maswali. Ila swali la kwanza nauliza mimi, na naanza na walimu wakuu wa shule za Igombe na Kayenze: baraza lenu limewahi kukataa jambo gani?