Vimada wa Wafalme wa Ufaransa: Cheo, Kazi na Lawama

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuacha shughuli zenu za jioni.

Rais wa Ufaransa hupokea wageni wake katika jumba la Élysée, jijini Paris. Mwaka 1753 jumba hilo lilinunuliwa na mwanamke aliyezaliwa Jeanne-Antoinette Poisson, mke wa ndoa wa Bwana Le Normant d'Étiolles na kimada wa mfalme Louis wa 15. Dunia inamjua kwa jina la Madame de Pompadour. Kwa hiyo viongozi wetu wakialikwa kula huko wanakula katika nyumba ya kimada, na sijasikia hata mmoja aliyerudisha sahani.

Chekeni tu, ila tusiishie kwenye kucheka. Sisi tukisikia habari za mume wa mtu na mwanamke wa nje tunafikiria simu iliyofichwa, safari za uongo, jirani anayechungulia dirishani. Versailles, kwenye kasri la wafalme wa Ufaransa, mambo yalikuwa kinyume. Kimada mkuu alitambulishwa rasmi mbele ya malkia, alipewa vyumba ndani ya kasri, na kila balozi alijua abishe mlango gani. Hoja yangu ya leo ni kwamba ile ilikuwa kazi, na sehemu yake ngumu kuliko zote ilikuwa kubeba lawama za mfalme.

Tuanze na ndoa yenyewe, maana ndiko matatizo yalikoanzia. Mfalme hakuoa mtu, alioa nchi. Louis wa 14 alimwoa binti wa mfalme wa Hispania mwaka 1660 kwa sababu mkataba wa amani wa mwaka uliotangulia ulisema hivyo. Louis wa 15 alikuwa kijana wa miaka 15 alipoozwa Marie Leszczyńska wa Poland, mwenye miaka 22, kwa kuwa wakubwa walitaka mrithi haraka. Na walimpata: yule mama alizaa watoto 10. Mapenzi hayakuwemo kwenye hesabu. Yakitokea, heri, yasipotokea, mfalme angeyatafuta kwingine, na watu wa kasri walimhesabia haki hiyo. Malkia hakuhesabiwa. Malkia akiteleza mara moja tu, damu ya kiti cha enzi imetiwa shaka.

Wa kwanza anayehesabiwa kuwa kimada aliyetambuliwa waziwazi ni Agnès Sorel, wa mfalme Charles wa 7. Alipewa nyumba na ardhi, akamzalia mfalme mabinti 3, akafa mwaka 1450 akiwa bado mwanamke kijana. Mabaki yake yalipochunguzwa mwaka 2005 yalikutwa na zebaki nyingi mno. Zebaki wakati huo ilikuwa pia dawa, kwa hiyo anayewaambia kwa uhakika kwamba aliuawa, mwulizeni amejuaje.

Karne moja baadaye yupo Diane de Poitiers, na huyu nitakaa naye kidogo. Alikuwa kimada wa mfalme Henri wa 2, na alimpita umri kwa takriban miaka 20. Henri alimwoa Catherine de Medici mwaka 1533, wote wawili wakiwa na miaka 14, na kwa miaka 10 hawakupata mtoto. Maneno yakaanza kwamba yule Mwitalia arudishwe kwao. Diane ndiye aliyekuwa akimsukuma Henri aende chumbani kwa mkewe. Msishangae: Catherine alikuwa mpole kwake na hakuwa tishio, ilhali mke mpya mzuri mwenye ukoo mkubwa angemfukuza Diane siku ya kwanza. Kimada akawa mlinzi wa ndoa ya mwenzake! Hatimaye Catherine alizaa watoto 10, na Diane akasimamia malezi yao.

Mwaka 1547 Henri alipotawazwa alimpa Diane kasri la Chenonceau. Mwaka 1559 mfalme akajeruhiwa jichoni katika mchezo wa mikuki juu ya farasi, akalala siku kadhaa kabla ya kukata roho. Diane hakuruhusiwa kuingia kumwona. Catherine, baada ya kunyamaza miaka zaidi ya 20, alidai vito vya taji virudishwe, akamtoa Chenonceau na kumpa kasri la Chaumont badala yake. Watu humwita Catherine mkatili. Mimi, kwa kisasi cha mke aliyevumilia kiasi kile, naona alikuwa na kiasi.

Sasa Kanisa. Mfalme wa Ufaransa aliitwa Mfalme Mkristo Sana, na uzinzi ni dhambi ya mauti. Wiki Takatifu ya mwaka 1675, Madame de Montespan, kimada wa Louis wa 14 na mke wa mtu, alikwenda kuungama pale Versailles. Padri akakataa kumpa ondoleo la dhambi. Mama akashtaki kwa mfalme. Mfalme akamwuliza Askofu Bossuet. Bossuet akasema padri yuko sahihi. Wakatenganishwa, mfalme akaenda zake vitani. Aliporudi ikaamuliwa wakutane mbele ya mabibi wacha Mungu ili pasitokee neno. Kumbukumbu za wakati ule zinasimulia kwamba wawili hao walisogea dirishani, wakanong'ona, wakalia, kisha wakawainamia wale mabibi kwa heshima zote na kuingia chumba cha pili. Matokeo yake yapo kwenye orodha ya watoto: binti mmoja mwaka 1677, na mtoto wa kiume mwaka 1678.

Watoto hao walileta tatizo la sheria. Mtoto wa mwanamke aliye kwenye ndoa, kisheria, ni wa mumewe. Na Bwana Montespan alikuwa hai na mwenye kelele: alifungwa kwa muda, akaamriwa kubaki mashambani kwake, na inasimuliwa kwamba huko alifanya mazishi ya mapenzi yake, na jeneza kabisa. Angeweza kuamka siku moja na kuwadai watoto wa mfalme kuwa wake. Kwa hiyo Louis alipowahalalisha wa kwanza mwaka 1673, hati iliandika jina la baba peke yake. Mama hakutajwa. Watoto wenye baba mkubwa kuliko wote Ulaya, na kwenye karatasi hawana mama.

Hapa wenzangu wa Pwani lazima wanawaza masuria wa Unguja, kwa hiyo niseme tofauti. Suria wa Sayyid Said alikuwa mwanamke asiye huru, lakini mwanawe alikuwa mtoto halali kwa sheria ya nyumba ile: Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala Zanzibar mmoja baada ya mwingine, wote walizaliwa na masuria. Kimada wa Versailles alikuwa mwanamke huru, mara nyingi wa ukoo mkubwa, na mwanawe hakurithi kiti. Louis wa 14 alijaribu kulibadilisha hilo. Mwaka 1714, baada ya msiba kufagia warithi wake karibu wote, alitoa amri kwamba wanawe wawili wa Montespan waweze kurithi ufalme endapo damu halali ingekwisha. Alikufa mwaka uliofuata, na mwaka 1717 amri ikafutwa.

Uingereza nitapita haraka. Charles wa 2 hakupata mtoto kwa malkia wake, lakini kwa wanawake wengine alitambua zaidi ya 10, na wana wake kadhaa akawafanya madyuki. Binti Diana, yule mnayemjua nyote, alikuwa mzao wa madyuki hao kwa njia zaidi ya moja. Mwanawe William akitawazwa, damu ya Charles wa 2 itakalia kiti cha Uingereza kwa kupitia mlango wa nyuma.

Turudi kwa Pompadour. Alipokuwa na miaka 9 mpiga ramli alimtabiria kwamba atakuwa kipenzi cha mfalme. Katika hesabu zake za baadaye umo mstari wa livre 600, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, kwa mwaka kwa mpiga ramli huyo, sababu imeandikwa palepale. Mwanamke anayelipa madeni ya utotoni namna hiyo anajua kutunza vitabu. Februari 1745 palikuwa na dansi ya vinyago Versailles, na mfalme alitokea amevalishwa kama mti uliopogolewa, yeye na wenzake kadhaa, asijulikane nani ni nani. Kufikia Septemba mwaka huohuo Jeanne-Antoinette alikuwa ametengana na mumewe kisheria, amepewa cheo cha umarkizi, na ametambulishwa rasmi. Ili mtu atambulishwe alihitaji bibi wa cheo wa kumshika mkono. Kazi hiyo aliifanya Binti Mfalme wa Conti, mama mwenye madeni makubwa ambayo baada ya hapo hayakumsumbua tena. Kasri zima lilisubiri kuona malkia atamwambia nini. Malkia akamwuliza habari za bibi mmoja waliyefahamiana wote wawili. Ilikuwa heshima kuliko alivyotarajia mtu.

Kilichowaudhi wakubwa si uzinzi. Vimada waliotangulia walikuwa mabinti wa koo kubwa. Huyu baba yake alikuwa mtu wa biashara na hesabu za watu. Na jina lake la kuzaliwa, Poisson, ni samaki. Mji mzima ukajaa vishairi vya samaki. Waziri Maurepas, aliyeaminika kuwa nyuma ya baadhi yake, alifukuzwa mwaka 1749.

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Kufikia mwaka 1750 hivi, mfalme na Pompadour walikuwa wameacha kulala pamoja. Afya ya Pompadour ilikuwa mbaya. Mfalme akawa na wasichana wengine katika nyumba ndogo mjini Versailles. Kwa akili ya kawaida, kimada asiyelala na bwana wake amefukuzwa kazi. Pompadour alibaki miaka 14 mingine, hadi kifo chake Aprili 1764, akafia ndani ya kasri. Alipandishwa hadhi kuwa dachesi, kisha mwaka 1756 akateuliwa miongoni mwa mabibi wa kumhudumia malkia. Mawaziri walipita kwake. Mabalozi walipita kwake. Kiwanda cha vyombo vya kauri kilichohamia Sèvres kilikua chini ya ulinzi wake. Mwaka 1756 Ufaransa iliungana na Austria, adui wake wa miaka mingi, na mazungumzo ya mwanzo yalipitia mikononi mwake.

Kisha ikaja Vita vya Miaka Saba. Mwaka 1757 jeshi la Ufaransa lilipigwa vibaya na Frederick wa Prussia huko Rossbach, na mwisho wa vita, mwaka 1763, Kanada ilikuwa imekwenda. Ufaransa nzima ikasema: yule mwanamke! Sitamtetea kupita kiasi. Jenerali Soubise, aliyeshindwa Rossbach, alikuwa mtu wake. Lakini mikataba ilitiwa saini na nani? Jeshi lilikuwa la nani? Mfalme alibaki yule mfalme mwema aliyepotoshwa, na madhambi ya dola yakawa na jina la mwanamke. Hiyo ndiyo huduma aliyolipwa kuifanya, ingawa hakuna aliyeiandika kwenye hati.

Mfalme mwenyewe alijua namna ya kuwatumia. Mwaka 1744 aliugua sana mjini Metz, na askofu wa Soissons akamnyima sakramenti za mwisho mpaka kimada wa wakati huo, Dachesi wa Châteauroux, afukuzwe na mfalme atubu hadharani. Askofu huyo aliitwa Fitz-James, na babu yake alikuwa James wa 2 wa Uingereza, kwa kimada. Mfalme akatubu, mwanamke akaondoka mjini huku watu wakimtukana. Mgonjwa akapona, akamrudisha mwanamke, akamwadhibu askofu.

Wa mwisho alikuwa Jeanne du Barry. Huyu alitoka chini kabisa, na ili atambulishwe mwaka 1769 ilibidi kwanza atafutiwe mume mwenye jina. Akaozwa ndugu wa mwanamume aliyekuwa akimwuza kwa wakubwa. Mwaka 1774 mfalme akashikwa na ndui, naye akaondolewa ili mgonjwa aungame.

Mrithi, Louis wa 16, hakuwa na kimada. Mcha Mungu, mume wa mke mmoja. Mngedhani watu watafurahi. Sasa tazameni kilichotokea. Louis wa 15 alikuwa amewatia hamu masonara wa Paris kutengeneza mkufu mkubwa wa almasi kwa ajili ya du Barry, akafa kabla haujalipwa. Masonara wakabaki na mzigo. Wakampelekea malkia mpya, Marie Antoinette, akakataa. Ndipo tapeli mmoja, Jeanne de la Motte, alipomshawishi Kardinali de Rohan kwamba malkia anautaka kwa siri. Kardinali akaandaliwa mkutano wa gizani bustanini Versailles na mwanamke aliyevalishwa kama malkia, akaamini, akaununua kwa livre 1,600,000, na almasi zikatoweka. Mei 1786 mahakama ya Paris ikamwachia kardinali huru. Malkia, ambaye hakuugusa mkufu ule, akatoka amechafuka, kwa sababu umma ulishazoea kwamba fedha ya dola inaliwa na mwanamke wa mfalme, na safari hii mwanamke wa mfalme alikuwa mmoja tu. Matusi yote aliyotungiwa Pompadour na du Barry yakahamia kwa mke halali: mwasherati, mfujaji, mgeni anayetawala mume.

Marie Antoinette alikatwa kichwa tarehe 16 Oktoba 1793. Du Barry alifuata tarehe 8 Desemba mwaka huohuo. Asubuhi ile ya mwisho alikuwa bado anawatajia waliomhukumu kila mahali alipozika vito vyake, akidhani watamwacha kwa ajili hiyo. Waliandika orodha yote, kisha wakampeleka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni maswali, na yule mama wa mstari wa pili, aliyeguna niliposema Catherine alikuwa na kiasi, aanze yeye.