Korona na Macho: Mhadhara kwa Wahudumu wa Afya ya Jamii, Nairobi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Ninyi ndio mnaobisha hodi Mukuru, Kayole na Kibra, kwa hiyo mtu akiamka na jicho jekundu, atawauliza ninyi kabla ya kumwona daktari.

Dkt. Li Wenliang wa Wuhan, aliyewatahadharisha wenzake mapema kuhusu ugonjwa huu wa korona na kufariki Februari 2020, alikuwa daktari wa macho. Alishuku kwamba aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya macho ambaye hakuwa na dalili. Kumpima mtu jicho ni lazima umkaribie mpaka pumzi zenu zikutane.

Virusi vyenyewe huingia zaidi kupitia pua na mdomo, lakini jicho nalo ni mlango. Mmewahi kutiwa dawa ya macho mkaonja uchungu kooni? Machozi yana mfereji unaoshuka hadi puani. Basi mkono uliotoka kwenye chuma cha matatu usifikiche jicho.

Baadhi ya wagonjwa wa korona hupata macho mekundu, yanayowasha na kutoa machozi. Mara nyingi hupoa yenyewe kwa wiki moja au mbili. Wala si kila jicho jekundu ni korona: mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalienea Mombasa, na virusi vinavyoleta hali hiyo ni vya aina nyingi.

Kinachonikosesha usingizi ni kile kichupa kinachonunuliwa dukani bila kupimwa. Dawa nyingi za matone zina steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Wekundu unaisha haraka, mtu anafurahi, anakopesha jirani. Kumbe ikitumiwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kama kioo cha mbele cha jicho kina kidonda cha virusi vya hepesi, hukichimba zaidi. Uoni unaopotea kwa presha haurudi. Nawaomba sana, mkiona kichupa hicho kinazunguka kwenye ploti, kisimamisheni.

Steroidi za kumeza au kudungwa ziliokoa maisha ya wagonjwa mahututi wa korona, hilo ni kweli. Ila India mwaka 2021, kuvu iliyoozesha pua na kuingia tundu la jicho iliwapata watu zaidi ya 40,000, wengi wao wakiwa na kisukari na wametumia steroidi. Baadhi waling'olewa jicho ili wapone. Kwa hiyo mwenye sukari aliyeugua korona, akivimba uso upande mmoja au akianza kuona vitu viwili viwili, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Vilevile korona huweza kugandisha damu, hata kwenye mishipa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hapo jicho halina wekundu wala maumivu. Uoni tu unafifia ghafla. Watu hungoja kwa sababu hawaumwi. Msiwaruhusu kungoja. Waende Hospitali ya Kenyatta, au Hospitali ya Kikuyu kama ndiko karibu.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza kuhusu kuosha jicho kwa maziwa ya mama au chai ya rangi. Hapana, mama, vyote hivyo huweza kuingiza vijidudu. Chemsha maji, yaache yapoe, chovya pamba safi, futa tongotongo kutoka pembe ya jicho iliyo upande wa pua kwenda nje, kisha itupe. Jicho la pili lipate pamba yake.