Mazuku: neno la Goma ndani ya Kiingereza

Papa Prefe, mkuu wetu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliojaa hadi madirishani, asanteni kwa kuja.

Mliniomba nizungumzie neno moja la Kiingereza lisilosikika mara nyingi. Najua mlitarajia refu, la kuvunja ulimi. Mimi nimewaletea hili la hapa kwetu Goma, mashariki mwa Kongo chini ya volkano: mazuku.

Mnacheka. Haya, siku moja fungueni maandishi ya wataalamu wa volkano, yale ya Kiingereza. Mtalikuta humo, limeandikwa vilevile tunavyolitamka. Kwao ni istilahi: mahali pa chini ambapo hewa ya ukaa inayotoka ardhini imejikusanya kiasi cha kuua. Lakini ukimtajia Mwingereza wa kawaida sokoni kwao, atadhani unamuuzia pikipiki ya Kijapani.

Maandishi hayo huongeza kwamba kwa Kiswahili maana yake ni "upepo mbaya". Hapo ndipo nina ugomvi nao. Upepo ukivuma, mazuku hupungua nguvu! Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hutiririka kama maji na kulala mabondeni. Usiku umetulia, jua hakuna, shimo linajaa polepole. Alfajiri ndiyo saa mbaya. Jua likipanda na upepo wa Ziwa Kivu ukaamka, kiwango hushuka. Kinashuka, sikusema kinaisha.

Hewa hiyo haina rangi, haina harufu. Katika hewa ya kawaida haifiki hata sehemu 1 kwa 1,000. Ikizidi sehemu 10 kwa 100, mtu hupoteza fahamu upesi, na akianguka anakuwa amezama palepale ilipo nyingi zaidi. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kupita imemfika magotini asijue kitu, akageuka na kukuta mbuzi aliyekuwa akimfuata amelala. Mbwa vilevile. Mtoto aliyeinama kuokota mpira vilevile.

Utotoni kulikuwa na shimo kati ya makoro, yale mawe ya lava, ambalo tulikatazwa kulikaribia. Bibi hakutaja gesi wala ukaa. Alisema tu, "Pale kuna mazuku," akaendelea kupepea mbabula yake, jiko lile la makaa. Sikilizeni vizuri: pale kuna. Neno lake lilishika kitu na mahali kwa pamoja, na Kiingereza kimelichukua hivyohivyo. Ila wao huliandika kama umoja pia, mazuku moja, mazuku mawili. Ile ma- yetu haiwahusu.

Je, hawakuwa na neno lao? Walikuwa nalo. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa na blackdamp, hewa ya mgodini iliyopungukiwa oksijeni na kujaa hewa ya ukaa; lakini hiyo ni ya chini ya ardhi. Kuna mofette, lililotoka Italia, nalo hutaja tundu gesi inapotokea. Karibu na Napoli kuna hata pango liitwalo Grotta del Cane, Pango la Mbwa: zamani watalii walionyeshwa mbwa akiingizwa mle na kuzimia huku bwana wake amesimama wima. Kwa hiyo jambo lenyewe lilijulikana Ulaya. Neno la bibi lilitaja kile kishimo kinachojaa, basi likakaa mahali pake.

Na si sisi peke yetu. Tope la volkano linaloporomoka huitwa lahar, neno la Java. Lava yenye ncha kali na ile laini zina majina ya Hawaii, aa na pahoehoe. Volkano yenyewe imetokana na Vulcano, kisiwa cha Italia. Aliyelala chini ya mlima ndiye aliyeuita kwanza.

Sasa niende magharibi ya mji, njia ya Sake. Kule Bulengo watu waliokimbia vita walijenga vibanda penye mazuku. Mtu aliyeteremka kutoka milima ya Masisi atalijuaje neno hili? Kilimani kwao hakulihitaji. Mtaalamu wa Roma analo kwenye karatasi, na mama aliyetandika mkeka shimoni hana. Hilo linaniudhi kuliko tafsiri ya upepo.

Kuna mama hapo mbele ameuliza kuhusu mshumaa. Kweli, ukiushusha mle huzimika, lakini hatari huanza kabla moto haujafa, basi msiutumie kama kipimo. Ameuliza pia: mtoto akianguka ndani, je? Mama, najua mwili utataka kuruka. Usishuke, wala usiiname juu yake, maana utavuta hewa ileile na watu watakuwa na wawili wa kutoa. Piga kelele watu waje. Letini kamba, letini mti mrefu wenye ndoano, mvuteni mkiwa juu.