Penalti Hazilingani Uzito

Ndugu makocha, tuanze na ubao wa matokeo. Fainali ya Kombe la Dunia la raga, Stade de France, Oktoba 28, 2023: Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, ilikuwa moja tu, ya Beauden Barrett wa New Zealand, na timu yake ndiyo iliyoshindwa. Pointi zote 12 za Afrika Kusini zilikuwa penalti nne za Handré Pollard, zote kabla ya mapumziko. Wiki moja nyuma, kwenye nusu fainali, England walikuwa mbele ya Afrika Kusini 15-13 zikibaki dakika chache. Skramu, yaani washambuliaji wa pande mbili wakisukumana kugombea mpira, ikawazalia Afrika Kusini penalti, Pollard akapiga kutoka karibu na mstari wa kati, ikawa 16-15.

Kwa hiyo kocha akisema timu yake imetoa penalti tisa tu, mimi huuliza: wapi? Ukikosea ndani ya mita 22 kutoka mstari wa mpinzani, anapiga mpira nje na kupumua. Ukikosea mbele ya nguzo zako, ni pointi 3. Ukikosea pembeni, karibu na mstari wako, ndiyo hatari zaidi: wanapiga nje, lainauti (mpira kurushwa kutoka pembeni) inachezwa mita 5 kutoka mstarini, moli (kundi linalomsukuma mwenye mpira akiwa wima) inaanza kusukumwa, nawe unatazama pointi 7 zikienda, 5 za trai na 2 za mkwaju unaoifuata.

Katika daftari andikeni dakika, eneo, chanzo, nani alikuwa na mpira, na kilichofuata. Hicho cha mwisho wengi hukiacha, nacho ndicho kinachoonyesha gharama.

Raki, yaani kugombea mpira ulio chini baada ya mtu kukabwa, ndiyo inayotafuna timu. Mkabaji anatakiwa amwachie mtu mara moja, kisha abingirike aondoke. Anakwama kwa sababu alikaba kwa mikono bila kusukuma miguu, akaangukia upande wa wapinzani, miili ikamlalia. Kosa lilianza kabla hajafika chini, na hapo ndipo pa kurekebisha. Anayenyakua mpira asimame kwa miguu yake mwenyewe: kiwiko au goti likigusa chini, filimbi inalia. Kama ndiye aliyekaba, refa lazima aone mikono ikiachia kwanza. Kuotea nako hutokana na macho: mlinzi wa tatu kutoka kwenye raki anatazama mpira badala ya mguu wa mwisho wa raki, ambao ndio mpaka wake, anasogea nusu hatua. Mfanyishe hilo akiwa amechoka, awamu sita mfululizo bila kusimama, la sivyo mazoezi hayo ni bure.

Kuhusu kugonga kichwa, katika fainali ile Sam Cane wa New Zealand alimkaba Jesse Kriel wa Afrika Kusini huku yeye Cane akiwa wima. Kadi ya njano ikapandishwa kuwa nyekundu baada ya marudio ya video, na New Zealand wakacheza zaidi ya dakika 50 bila nahodha wao. Kupinda kiuno peke yake hakutoshi. Magoti yashuke pia, mapema, kabla ya hatua ya mwisho.

Refa akishamwonya nahodha kwa makosa ya kurudia, linalofuata ni dakika 10 nje. Nahodha aamue papo hapo: raki agombee wa kwanza kufika tu, wengine warudi hatua nzima nyuma.

Katika fainali hiyo hiyo, zikibaki kama dakika saba, Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini alipangua pasi kwa makusudi akapewa njano. Alikaa pembeni amejifunika uso kwa jezi. Lakini penalti ile ilikuwa mbali na nguzo. Jordie Barrett wa New Zealand alipiga, mpira ukapita nje.