Kazi Bure ya Komako: Penzi na Upweke katika Nchi ya Theluji

Mabibi na mabwana,

Riwaya ninayoizungumzia leo ni Nchi ya Theluji ya Yasunari Kawabata, iliyoanza kuchapishwa kwa vipande majaridani mwaka 1935 na kukamilika mwaka 1948, miaka 20 kabla ya mwandishi wake kuwa Mjapani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kisa chenyewe ni kifupi. Shimamura, mtu wa Tokyo mwenye mke, watoto na mali ya urithi, husafiri kwa treni hadi mji mdogo wa chemchemi za maji moto ng'ambo ya milima, ambako geisha kijana (mwanamke wa Kijapani ambaye kazi yake ni kuburudisha wageni kwa muziki na dansi) aitwaye Komako anampenda, naye hana cha kumrudishia.

Wako wanaomhurumia Shimamura kwa upweke wake. Mimi naona ni wa kujitakia. Bwana huyu huandika makala kuhusu baleti ya Ulaya ilhali hajapata kuiona jukwaani hata mara moja. Picha na vitabu vinamtosha, kwa kuwa mchezaji aliyemo pichani hamdai kitu. Komako anadai, tena huja kudai usiku, amelewa, akiita jina lake ukumbini.

Upweke wa Komako ni wa mtu mwenye kazi mkononi. Nyimbo ngumu za shamisen, ala ile ya nyuzi tatu, amejifunza kwa kusoma nota, akipiga peke yake mbele ya milima. Riwaya anazosoma huziandika daftarini: mwandishi, wahusika, na nani ana uhusiano gani na nani, basi. Shimamura anapomwambia kuwa hiyo ni kazi bure, anakubali kwa uchangamfu, wala haachi. Ndivyo anavyopenda pia. Asubuhi Komako anapompigia shamisen, Shimamura anasisimka mwili mzima, anatambua kwamba mwanamke huyu anampenda, na utambuzi huo unamtia huzuni.

Kuna lawama kwamba Kawabata amemnyima Komako nafsi, kwa sababu kila kitu tunakiona kwa macho ya Shimamura. Naikubali nusu tu, maana ufinyu wa macho hayo ndio riwaya yenyewe. Ghala la vifukofuko vya hariri linapoungua, Komako anajitosa kwenye vurugu na kumbeba Yoko, msichana mwingine anayemvutia Shimamura, aliyeanguka kutoka ghorofani. Linalompitia moyoni hatuambiwi, kwani mtu aliyetuazima macho yake yuko kando, anashughulika na nyota.